Mwani unaorudi bwawani: vidonge, klorini ya maji au mtambo wa chumvi?

Bwawa limesafishwa mwisho wa wiki, maji yamekuwa maangavu mpaka skrubu za taa zinaonekana, na kabla wiki nyingine haijaisha ngazi zimeanza kuteleza na kona yenye kivuli imeota rangi ya kijani. Ukiuliza ushauri, kila mtu ana jibu lake. Huyu anasema nunua dawa ya kuua mwani, yule anasema tatizo ni fosfeti, mwingine anakuambia achana na vidonge ufunge mtambo wa chumvi. Wote wana hoja, na ndiyo maana uchaguzi unakuwa mgumu.

Ulinganisho huu unahusu bwawa la nyumbani, la nje, linalopigwa na jua. Hesabu zote nimezifanya kwa bwawa la lita 50,000 linalopoteza miligramu 2 za klorini kwa kila lita kwa siku, yaani gramu 100 za klorini ambazo lazima zirudishwe kila siku. Kama lako ni kubwa au dogo zaidi, zidisha au gawanya.

Kabla ya kuchagua: mwani umerudi, au haukuondoka?

Chembe za mwani huingia na upepo, mvua, majani, miguu na nguo za kuogelea, na hakuna bidhaa inayoziba mlango huo. Kinachozuia mwani kuota ni klorini iliyopo saa zote, ikiua kwa kasi kuliko mwani unavyozaana. Ikishuka mno kwa siku mbili za joto, mchezo umekwisha.

Nguvu ya klorini haisomeki kwa namba yake peke yake. Ndani ya maji ya bwawa kuna, au inapaswa kuwepo, asidi ya sayanuriki, ambayo ni kinga ya klorini dhidi ya jua. Bila kinga hiyo jua kali huweza kumaliza nusu ya klorini katika muda usiofika saa moja. Lakini kinga hiyohiyo huishikilia klorini na kuipunguzia makali, kwa hiyo ikizidi, unahitaji klorini zaidi kupata kazi ileile. Kanuni inayotumiwa na watunzaji wengi wa mabwawa ya nyumbani ni kwamba klorini huru, yaani ile iliyo tayari kufanya kazi, isishuke chini ya asilimia 7.5 ya asidi ya sayanuriki. Asidi ikiwa miligramu 30 kwa lita, klorini isipungue takriban 2.3. Ikiwa 100, isipungue 7.5. Mwenye asidi ya 100 anayelinda klorini yake katika 2 atapata mwani kila mara, huku kipimo kikimwambia kila kitu kiko sawa. Kwa maoni yangu, mwani mwingi unaoitwa sugu unatoka hapo.

Sababu ya pili ya mwani kurudi ni kwamba haukufa wote. Pima klorini jua likishazama, kisha upime tena alfajiri kabla jua halijagusa maji, bila mtu kuogelea katikati. Usiku hakuna jua la kuila klorini, kwa hiyo ikipungua kwa zaidi ya miligramu 1 kwa lita, kuna kitu hai kinachoila, hata kama maji ni maangavu. Hapo dawa ni kupandisha klorini hadi kama asilimia 40 ya asidi ya sayanuriki, kuishikilia hapo kwa kupima na kuongeza, na kusugua kuta kila siku mpaka kipimo cha usiku kipite. Toa taa kwenye tundu lake na uangalie nyuma, sugua ndani ya koo la skima (kile kisanduku cha ukutani kinachovuta maji ya juu), chini ya vikanyagio vya ngazi, na mpira wa mashine ya kufagia sakafu. Mwani hujificha humo, na huko ndiko unakoanzia upya. Yote yanayofuata yanachukulia kwamba hatua hii imekamilika.

Neno dogo kuhusu upimaji: vipimo vingi vya kugeuza maji kuwa ya waridi hupauka klorini ikiwa juu sana, na mtu akadhani hakuna klorini kabisa. Tumia kipimo cha matone kinachohesabika tone kwa tone, na kiwe na kipimo cha asidi ya sayanuriki. Karatasi za kuchovya zinakutajia makadirio tu. Hazitoshi kwa uamuzi huu.

Vigezo

Nimeangalia kila njia kwa maswali manne. Je, klorini hubaki juu ya kiwango hata siku ambayo umesahau? Baada ya miezi kadhaa, nini kimejikusanya majini? Kazi ya mikono ni kiasi gani, na gharama inakuja mara moja au kidogo kidogo? Na kuna hatari gani ya kuangalia? Swali la pili ndilo watu huliruka, nami nimelipa nafasi kubwa zaidi.

Vidonge vya klorini

Hivi ni vile vikubwa vya kuyeyuka polepole, vinavyowekwa kwenye kifaa kinachoelea au kwenye mtungi uliounganishwa na bomba. Kwa kutosahau, vina sifa nzuri. Kidonge cha gramu 200 kina takriban gramu 180 za klorini na huitoa kwa siku kadhaa, mchana na usiku. Mtu anayeshika bwawa mara moja kwa wiki anaweza kuishi navyo.

Tatizo ni kinachobaki. Zaidi ya nusu ya uzito wa kidonge ni asidi ya sayanuriki. Kwa kila miligramu 10 za klorini unazopata kwa lita, asidi hupanda kwa miligramu 6 hivi. Katika bwawa letu la mfano, hiyo ni takriban 36 kwa mwezi. Ukianza na maji mapya yasiyo na kinga, mwezi wa kwanza ni neema, kwa sababu unahitaji kinga hiyo. Mwezi wa pili bado uko salama. Mwezi wa tatu umevuka 100, na klorini iliyokuwa inatosha haitoshi tena. Mwani unarudi, unaongeza vidonge, na kila kidonge kinaisogeza shabaha mbali zaidi. Asidi hii haipotei kwa jua wala kwa kuchujwa. Njia ya uhakika ya kuipunguza ni kumwaga maji na kujaza mapya, nusu ya bwawa kama unataka kuipunguza kwa nusu.

Vidonge pia hushusha pH (kipimo cha uchachu wa maji) na alkali ya maji (uwezo wake wa kuzuia pH isiyumbe), hivyo utanunua soda ya kuyarekebisha. Gharama huja polepole na haionekani, mpaka siku ya kumwaga maji. Kuhusu hatari: usiviache ndani ya skima pampu ikiwa imezimwa, maana maji makali yaliyotulia hapo huharibu vifaa. Na kamwe usiviweke kwenye chombo kilichowahi kuwa na klorini ya unga ya kalsiamu. Mchanganyiko huo huwaka na unaweza kulipuka.

Vinamfaa mwenye bwawa linalotumika msimu mfupi au linalomwagwa sehemu kubwa kila mwaka, mwenye maji yenye alkali nyingi, na anayetafuta kitu cha kujaza pengo la wiki mbili tatu.

Klorini ya maji, na ndugu yake ya unga

Klorini ya maji ni hipokloriti ya sodiamu, jamii moja na dawa ya kupaushia nguo ila kali zaidi, kwa kawaida asilimia 10 hadi 12.5. Lita moja ya ile ya asilimia 10 ndiyo gramu 100 zetu za kila siku. Haileti asidi ya sayanuriki. Inachoacha ni chumvi kidogo, ambayo haimsumbui mtu. Kinga ya jua unaiweka mwenyewe mara moja, 30 hadi 50, na inabaki hapo ikipungua taratibu kwa maji yanayorushwa nje na yanayotoka wakati wa kusafisha chujio. Kwa hiyo shabaha yako haihami. Baada ya miezi sita kanuni ya klorini ni ileile uliyoanza nayo, na hilo ndilo jambo zuri kuliko yote kuhusu njia hii.

Ubaya wake ni kwamba haina kumbukumbu. Ukisahau siku mbili za jua kali, bwawa limebaki wazi. Unaweza kuweka dozi kubwa kidogo ya siku mbili kwa pamoja, lakini siku nne tano hapana. Kuna pia kubeba: lita saba kwa wiki, madumu ya kuhifadhi kivulini, na dawa inayopoteza nguvu kadiri inavyokaa, haraka zaidi kwenye joto. Dumu lililokaa juani miezi kadhaa linaweza kuwa na nguvu pungufu sana ya ilivyoandikwa, nawe ukaona dozi yako haifanyi kazi. Wapo wanaofunga pampu ndogo ya matone yenye saa, na hapo tatizo la kusahau linapungua sana.

Ya unga, hipokloriti ya kalsiamu, inabebeka na inatunzika vizuri zaidi. Gramu 150 hivi za unga wa asilimia 65 zinatosha siku moja. Nayo haiongezi asidi ya sayanuriki, lakini huongeza ugumu wa maji utokanao na kalsiamu: kama miligramu 42 kwa lita kwa mwezi katika bwawa letu. Maji yakiwa laini hilo ni jema kwa kuta za plasta. Yakiwa magumu tayari, utaona ukoko mweupe kwenye vigae na ndani ya kipasha joto.

Hatari ya zote mbili ni moja: zisikutane na tindikali. Tindikali ya kushushia pH ikikutana na klorini hutoa gesi ya sumu. Zihifadhi mbali, na uziweke bwawani kwa nyakati tofauti pampu ikizunguka.

Inamfaa anayeishi hapo na yuko tayari kutoka nje kila jioni kwa dakika tano, na anayeishi mahali ambapo maji ya kumwaga na kujaza upya ni adimu. Haimfai anayesafiri sana, labda akiwa na ile pampu ya matone.

Mtambo wa chumvi

Watu wengine hudhani bwawa la chumvi ni bwawa lisilo na klorini. Lina klorini ileile. Tofauti ni kwamba inatengenezwa hapohapo, umeme ukipita kwenye mabamba ndani ya bomba na kuibadili chumvi iliyoyeyuka. Mitambo mingi huhitaji chumvi ya takriban miligramu 3,000 hadi 3,500 kwa lita, chini ya sehemu ya kumi ya bahari. Kwa bwawa letu hiyo ni kilo 150 au zaidi za chumvi mwanzoni, kisha nyongeza ndogo tu, maana chumvi haitumiki ikaisha.

Kwa kutosahau hauna mshindani. Mtambo wa gramu 20 kwa saa unatoa gramu 100 kwa saa tano, na unafanya hivyo ukiwa kazini au safarini. Ukinunua, chagua wenye uwezo wa mara mbili ya bwawa lako, ufanye kazi nusu muda. Mdogo unaokimbizwa saa zote huchakaa mapema, na siku za joto na wageni wengi hautoshi. Hauongezi asidi ya sayanuriki, ingawa watengenezaji wengi huelekeza kuiweka juu zaidi, 60 hadi 80, ili jua lisile kile kinachotoka taratibu. Kwa kuwa klorini inaingia mfululizo, watunzaji wengi hukubali kiwango cha chini cha asilimia 5 ya asidi hiyo badala ya 7.5.

Kazi inayobaki ni pH. Hupanda bila kukoma, na utakuwa ukiweka tindikali mara kwa mara. Ukiiacha pH juu, kalsiamu hugandamana kwenye mabamba na uzalishaji hushuka bila kukuaga. Chungulia mabamba kila miezi michache. Gharama huja kwa mkupuo: mtambo mwanzoni, kisha mabamba mapya baada ya miaka kadhaa, mara nyingi kati ya mitatu na saba. Maji yakiwa baridi sana mitambo mingi hujizima, lakini kwenye baridi hiyo mwani nao umezubaa. Angalia pia mawe laini ya pembeni na vyuma vilivyo karibu. Chumvi inayokauka juu yake huvila taratibu.

Kosa ninaloliona kuwa la hatari zaidi hapa ni imani kwamba mtambo ukishafungwa, kupima kumekwisha. Taa ya kijani kwenye kisanduku inasema mtambo unazalisha. Haisemi maji yana klorini ya kutosha.

Unamfaa mwenye uwezo wa kulipa kwa mkupuo, anayetumia bwawa miezi mingi ya mwaka na kukosekana mara kwa mara.

Wasaidizi: dawa ya mwani, kiondoa fosfeti, boroni

Hizi nimezitenga kwa sababu hakuna hata moja inayochukua nafasi ya klorini. Ni kama kitasa cha pili mlangoni: kinasaidia ikiwa cha kwanza kimefungwa.

Dawa za mwani ziko za aina tatu za kawaida. Za kwati (misombo ya jamii ya amonia) za bei nafuu hutoa povu, hasa penye maporomoko ya maji. Polikwati, ndugu yake yenye molekuli ndefu, ya asilimia 60 haitoi povu wala haiachi madoa, lakini klorini ya juu huivunjavunja, kwa hiyo huwekwa baada ya usafishaji mkubwa kumalizika, kisha dozi ndogo kila wiki. Za shaba hukaa muda mrefu majini na zinazuia mwani kweli. Lakini shaba hujikusanya, na pH ikipanda huacha madoa ya kijani-buluu ukutani; nywele nyeupe zinazogeuka kijani nazo ni kazi ya shaba, ingawa lawama hupewa klorini. Mimi shaba ningeiweka mwisho kabisa wa orodha kwa bwawa la plasta nyeupe.

Kiondoa fosfeti, ambacho kwa kawaida kina lanthani, hakiui mwani. Kinaondoa chakula chake. Maji hufanya ukungu siku moja au mbili, kisha chujio hushika mashapo na unalisafisha. Kinafaa pale fosfeti inapoingia kwa wingi, mathalani mbolea ya nyasi inayosombwa na mvua au majani yanayooza bwawani, na klorini yako inayumba. Ukiwa na klorini sahihi kila siku, fosfeti ya juu haitakuletea mwani. Tena fosfeti hurudi, kwa hiyo hii ni gharama ya kujirudia.

Boroni, ikiwa miligramu 30 hadi 50 kwa lita, hutuliza kupanda kwa pH na inauzuia mwani kidogo. Kwa bwawa letu, kufika 50 ni kama kilo 14 za asidi ya boriki, mara moja, kisha nyongeza ndogo unapopoteza maji. Inaendana vizuri na mtambo wa chumvi kwa sababu ya ile pH. Kama mbwa wako hunywa maji ya bwawa kila siku, iache.

Ozoni na taa za urujuanimno zinaua kinachopita ndani ya bomba tu. Mwani wa ukutani hauendi huko.

Uchague nini, kwa hali yako

Asidi ya sayanuriki ikiwa tayari 100 au zaidi, usinunue chochote kwanza. Mwaga sehemu ya maji mpaka ifike 30 hadi 50, kisha rudi kwenye uchaguzi huu. Ikiwa maji ni ghali mno kumwaga, utaweza kuishi na asidi ya juu kwa kushikilia asilimia 7.5 ukitumia klorini ya maji, lakini vidonge viache kabisa.

Uko nyumbani jioni nyingi na hupendi gharama kubwa ya mara moja: klorini ya maji, au ya unga kama maji yako ni laini.

Fundi huja mara moja kwa wiki na katikati hakuna anayegusa bwawa: mtambo wa chumvi au pampu ya matone. Kama vyote viwili haviwezekani, vidonge pamoja na polikwati ya kila wiki, kwa sharti fundi apime asidi ya sayanuriki kila mwezi na kukuandikia namba.

Bwawa limezungukwa na miti au nyasi zinazowekwa mbolea: chagua chanzo cha klorini kwa vigezo vingine, kisha ongeza kiondoa fosfeti mara mbili tatu kwa msimu. Wavu wa kuzuia majani hufanya zaidi ya chupa yoyote.

Mwani ni wa manjano na unang'ang'ania upande wa kivuli, au ni madoa meusi yaliyoota kwenye plasta: tofauti kati ya njia tatu ni ndogo, brashi ndiyo inayoamua. Kwa meusi tumia brashi ya waya, kwenye plasta tu, kamwe si kwenye bwawa la fiberglasi au lililotandikwa plastiki. Lazima uchane ngozi ya juu ya doa ndipo klorini iingie.

Unatumia klorini ya maji na unasafiri wiki mbili: pandisha klorini kabla ya kuondoka, weka polikwati, acha vidonge vya kutosha siku hizo kwenye kifaa kinachoelea, funika bwawa kama una kifuniko. Wiki mbili za vidonge zitakuongezea asidi kidogo tu. Ukirudi, pima kwanza, na uendelee na madumu yako.